Matroni na Trei za Kresi

Jina lake la ubatizo lipo, nadhani limeandikwa kwenye daftari la usharika, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Kwetu alikuwa Matroni, basi. Alilea bweni la wasichana miaka mingi, akastaafu, akahamia nyumba iliyo juu kidogo ya yetu hapa Lushoto, na cheo kikahama naye pamoja na godoro. Hata mwenyekiti wa kitongoji alimwita hivyo, tena huku amevua kofia. Habari za ukoo wake waulizwe wengine. Mimi nitasema ninayoyajua, na ninachokijua kuliko vyote ni jinsi alivyochukia unyevu.

Sasa mtu anayechukia unyevu akaja kuishi Lushoto, mtaona wenyewe mtihani aliopewa. Hapa ukungu unashuka mlimani alasiri na kuingia ndani bila kubisha hodi. Masika, nguo zinakaa kambani siku tatu. Viatu vya sikukuu ukivisahau uvunguni vinaota manyoya. Sisi tumezaliwa humo, tunafuta tunavaa. Yeye hakuzoea mpaka siku ya mwisho aliyokaa hapa. Ukienda kumsalimia, shikamoo yako ilisubiri kwanza akunuse kanga. "Marahaba," anakujibu, "lakini hii uliitoa kambani mbichi." Na kweli ulikuwa umeitoa mbichi. Watu wengine walikuwa wanazunguka njia ya chini wasipite mlangoni kwake.

Nami ningeendelea kuzunguka kama siyo mguu. Niliteleza na mzigo wa karoti kwenye mteremko wa shamba letu, mvua inanyesha, nikavunjika karibu na goti. Mfupa uliunga, lakini goti halikukubali tena kupanda wala kushuka, na anayeyajua mashamba ya milima hii anajua kwamba yote ni kupanda na kushuka. Mume wangu hakuninyanyasa, nisimsingizie. Lakini mawifi zangu walianza kunichukulia kisu mkononi nikikata mboga, kwa upole kabisa, kama unavyomnyang'anya mtoto. Nikawa mtu wa kukaa barazani. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na niliogopa kwamba ndiyo nimeshakuwa mtu wa kulishwa tu mpaka nife.

Matroni akaja siku moja na trei ya bati na kifuko cha mbegu nyekundu, ndogo kama ufuta. Hakuniuliza mguu unaendeleaje. Aliuliza kama nina dirisha.

"Ninalo, Matroni."

"Mikono je?"

"Ninayo."

"Basi kinachokulaza ni nini?"

Mbegu zile zilikuwa za kresi. Alijifunza kuziotesha kwa sista mmoja wa misheni, zamani, kule bwenini. Kresi haitaki shamba. Inaota juu ya kitambaa chenye maji, siku ya pili inapasuka, na kwa baridi yetu siku ya tisa au ya kumi unaikata kwa mkasi ikiwa na urefu wa kidole. Ina ukali mdogo kama wa figili. Loji moja njiani kuelekea Soni ilikuwa inamtafuta mtu wa kuwapelekea, kwa ajili ya mayai na supu za wageni, na Matroni aliona mtu huyo ni mimi. Mume wangu alipoonja mara ya kwanza alisema tumeanza kula nyasi za sungura. Siku hizi yai halimshuki bila hizo nyasi.

Sasa mbegu kuota si kazi. Kazi ni kuvu. Mtu akikwambia kresi ni rahisi, ujue hajaiotesha Lushoto mwezi wa nne.

Trei yangu ya kwanza niliiharibu kwa akili ya nyumbani. Kwetu mbegu inatunzwa darini, juu ya jiko. Mahindi ya mbegu tunayafunga pale, moshi unayapitia, mdudu hayagusi. Bibi yangu alifanya hivyo, na mama naye hivyo hivyo. Kwa hiyo nami nilipandisha trei darini, nikaifunika kwa jani la mgomba isiingie masizi, na nikawa naimwagilia asubuhi na jioni kikombe kizima, kama kitalu cha kabichi. Nilijiona mjanja sana. Siku ya tatu nilipofunua, harufu iliyotoka ilikuwa ya gunia la viazi lililosahauliwa, na juu pametanda utando wa kijivu.

Matroni alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Halafu akaniambia neno ambalo nami nimewaambia wengi. "Mahindi yako yamelala. Hizi zimeamka. Aliyelala mfunike, aliyeamka mfungulie dirisha."

Hakuwa mtu wa kutoa somo ukakaa ukasikiliza. Alifanya, nawe ukaangalia, na ukikosea alikupiga kikofi kidogo mkononi. Trei ilioshwa kwa sabuni na mswaki uliochakaa, kisha ikamwagiwa maji yaliyochemka, kisha ikaanikwa kifudifudi mpaka ikakauka kabisa, siyo ya kufuta kwa upindo wa kanga. Kitambaa kilichemshwa. Mbegu hakuziloweka, maana zikilowekwa zinatoa ute na kushikana. Alizinyunyiza kutoka juu kwa vidole vitatu, mkono unatembea, na kila moja ikaangukia peke yake. Mimi nilikuwa naweka nyingi, nikidhani trei iliyojaa ndiyo trei ya mtu mwenye bidii.

"Bwenini," alisema, "ukisogeza vitanda vikagusana, mmoja akikohoa Jumatatu, Ijumaa wanakohoa wote. Acha nafasi."

Maji yalipita chini, siyo juu. Alimimina kidogo pembeni mwa trei, akasubiri kitambaa kinywe, kisha akainamisha trei na kumwaga kilichobaki. Asubuhi tu. Jioni hapana, kwa sababu ukungu ukishuka usikute mmea umelowa tayari. Trei ilifunikwa siku ya kwanza tu; mbegu zikishapasuka, kifuniko kinaondoka na dirisha linafunguliwa, hata ukiona baridi. Jirani mmoja alipita akaona dirisha langu lina ufa akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Matroni akamjibu, "Huo ufa usiuguse. Ndio unaotulishia kresi." Jirani yule mpaka leo ana kinyongo.

Nami nimetaja dirisha, basi niseme na kinyume chake, maana sipendi kumsifu mtu hadi anakuwa sanamu. Matroni aliyefungulia kresi dirisha, yeye mwenyewe alilala amefunga. Alikuwa mwoga wa baridi kupita kiasi. Dirisha la chumba chake alilisokomeza sweta kuukuu, na mlango aliuwekea gunia chini. Ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa wa kijani, na harufu yake wala haikuhitaji pua kama yake. Nilimwambia, siyo mara moja. "Mimi si kresi," alinijibu. Mtu aliyeninusa kanga mlangoni alikuwa analala karibu na ukuta ule, na wala hakuusikia.

Alikuwa na mambo mengine ya namna hiyo. Alikuwa Mlutheri wa kweli, lakini wenzake waliniambia kwamba jua likichomoza katikati ya ibada, Matroni ananyanyuka na kwenda kuanika godoro, na mchungaji alishazoea kumpisha kwa macho. Sisi ni Waislamu, na kila Ramadhani alituletea bakuli la kresi wakati wa kufuturu, ingawa hakuna anayetaka kufungua kinywa kwa kitu kikali baada ya kutwa nzima. Tulikula. Ungeona uso wake akisubiri ule, nawe ungekula. Na ukali wote ule, alikuwa anajua kila msichana aliyepita bwenini kwake, aliolewa wapi na anaumwa nini, na aliandika barua mpaka watu walipoacha kuzijibu.

Mwaka ule loji ilianza kuchukua kresi yangu kila Ijumaa. Nilikuwa na madirisha mawili na rafu ambayo mume wangu aliipigilia. Mawifi wakaacha kuninyang'anya kisu. Mmoja alianza kuja kuniuliza, kwa aibu kidogo, kama anaweza kunisaidia kukata. Ninyi mnaoamka na miguu yenu mizima hamwezi kujua utamu wa kuulizwa hivyo.

Ndipo nilipofanya kosa la pili. Asubuhi moja nilikuta trei zote sita zina manyoya meupe chini ya mashina. Sikuuliza mtu, nilimwagia kuku zote, nikalia. Matroni alipokuja aliokota mche mmoja kwenye vumbi, akauangalia kwenye mwanga, akaudondoshea maji kwa kidole. Manyoya yakalala, yakapotea.

"Hivi ni vinyweleo vya mizizi," alisema. "Vinatafuta maji tu. Kuvu ukiinyunyizia haiondoki, inabaki kama utando wa buibui, na inatambaa kutoka mche mmoja hadi mwingine, na inanuka. Umewapa kuku kresi nzima."

Hakunigombeza. Alisema mtu asiyejua huwa anatupa kwanza, na akanisaidia kupanda upya siku hiyo hiyo.

Kosa la tatu ndilo linalonifanya niandike haya. Ilikuwa masika, mvua wiki mbili bila kupumzika, na Alhamisi niliona utando kwenye pembe za trei mbili. Niliunusa. Ulinuka. Nikajiambia, ah, ni vinyweleo tu, si ndivyo Matroni alivyosema? Nikanyunyizia maji, haukuondoka, nikageuza uso. Ijumaa asubuhi nilikata juu juu, nikapanga vizuri kwenye vikapu, bodaboda akapeleka Soni. Nilikuwa naogopa. Nilijua nikisema wiki hii sina, watamtafuta mwingine, na mimi nitarudi barazani.

Matroni alipita mchana, akakuta trei tupu nimeziegemeza ukutani. Akaokota moja, akaisogeza puani.

"Hizi zimekwenda?"

"Zimekwenda, Matroni."

"Mara ile hukujua," alisema. "Leo ulijua."

Akaenda kwake, akarudi na mwavuli wake mkubwa, akasimamisha bodaboda mbili. Tukaelekea loji. Tulipofika aliketi juu ya jiwe nje ya geti, akafungua mwavuli, akaniambia niingie. Nilidhani atanisemea. Hakuingia.

Nikachechemea peke yangu mpaka jikoni. Mpishi wa loji, baba mmoja mnene mwenye heshima zake, alikuwa anapanga sahani, na kresi yangu ilikuwa tayari kwenye mbili. Nikamwambia, "Usiwape wageni hizo. Zimeota kuvu chini na mimi nilijua." Aliacha kisu. Akamwaga sahani zote mbili kwenye ndoo ya taka, akamwaga na vikapu, akaniambia niende tu nyumbani. Hakusema kwa heri.

Wiki tatu simu haikulia. Wiki tatu hizo Matroni alikuja kila asubuhi, tukaosha, tukachemsha, tukapanda trei chache, na kresi yote tulikula wenyewe na kugawia majirani mpaka wakatukimbia. Sikuona maana. Yeye alisema mkono usipooze. Wiki ya nne mpishi alipiga. "Mama Zuhura," alisema, "kuna watu wengi wanaweza kuniletea majani. Wa kunirudia kuniambia ni mabaya sijampata mwingine. Ijumaa lete." Nilikaa chini pale pale kwenye majani yaliyolowa.

Mpaka leo ninampelekea. Kama Matroni angenisemea siku ile, labda ningesamehewa mapema zaidi, lakini ningesamehewa kwa jina lake. Alinipa mbegu, alinipa trei, na namshukuru kwa hivyo. Lakini ninachomshukuru mpaka machozi ni kule kukaa juu ya jiwe kwenye mvua na kuniacha niingie mwenyewe.

Halafu kifua kikamshika. Alikohoa masika yote, akakohoa kipupwe, mpaka unasikia kikohozi chake toka kwetu. Daktari aliuliza habari za chumba anacholala, akasema nyumba ile ndiyo inayomuumiza, ahame, na ikiwezekana ashuke kwenye joto. Binti yake anaishi Muheza, ana duka la viungo sokoni. Alikuja na gari, akapakia godoro na sanduku. Nilikasirika. Nilimkasirikia Matroni na sweta lake la dirishani, na nilijikasirikia mimi niliyemwambia mara tatu nikanyamaza, badala ya kulichomoa mwenyewe nikalitupa. Gari liliposhuka kona nilikuwa bado nimeshika kifuko cha mbegu alizonigawia.

Tukawa tunaongea kwa simu. "Niko salama," alisema kila mara. "Kifua kimepoa. Wananitunza. Napumzika." Alilisema hilo la mwisho kama mtu anayesoma maandishi ya ukutani. Nikimuuliza anafanya nini kutwa, anahamia kwenye habari za hali ya hewa. Baada ya miezi nikamwambia mume wangu ninashuka Muheza kumwona.

Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki sebuleni, gauni limepigwa pasi, feni inamzungukia. Kweli hakukohoa. Amenenepa kidogo. Niliinama, "Shikamoo Matroni," akasema "Marahaba mwanangu," na hakunusa kitu. Binti yake ni mtu mwema sana, sitaki mtu amfikirie vibaya. Alinikaribisha kwa machungwa na soda, akaniambia kwa fahari, "Mama hapa hagusi kitu. Sufuria hagusi, fagio hagusi. Amefanya kazi inatosha." Matroni aliangalia mikono yake mapajani. Niliijua hiyo namna ya kuangalia mikono.

Binti alipotoka kwenda dukani, Matroni alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye bafu la mabati ambamo watu wanaoga. Akainua beseni kubwa lililofunikwa kwenye kona. Chini yake zilikuwepo trei nne za kresi, na zote nne zilikuwa zimetandwa kijivu mpaka huoni jani. Harufu ilinirudisha nyuma hatua.

"Nimeshindwa," alisema. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. "Napanda, zinaoza. Napanda tena, zinaoza. Huku joto linakimbiza kuvu kuliko kresi. Na wakiziona watasema mzee amechanganyikiwa, anafuga uozo bafuni. Hata hizi watanichukulia."

Nilipiga goti langu bovu, nikaangalia. Mbegu zilikuwa zimemiminwa nyingi, zimebanana. Maji yalikuwa yamesimama. Lakini hayo yalikuwa madogo. Jambo lenyewe lilikuwa hapo alipoziweka: bafuni, kwenye mvuke wa watu wanaooga, chini ya beseni, bila upepo. Alizificha. Yeye aliyenifundisha kufungua dirisha alizificha mahali penye unyevu kuliko kote katika nyumba ile, kwa sababu chini ya beseni lile ndipo pekee ambapo binti yake asingeangalia. Na mbegu alimimina nyingi ili siku ya kuonyesha ionekane trei imejaa.

Nilitafuta namna ya kumwambia. Mdogo humwambiaje mkubwa? Mwishowe nilisema kama ilivyo.

"Matroni, kosa siyo Muheza. Ni huku nyuma. Upepo uko barazani mbele. Ziwekwe kivulini, pale upepo unapokatiza, mbegu nusu ya hizi, na huku joto lilivyo, mnakata siku ya sita, msingoje kumi."

"Barazani wapitao wote wataziona."

"Ndiyo. Wataziona."

Aliweka mkono ukutani, akizitazama trei. Nilidhani nimemvunjia heshima. Kisha akainama, akaokota trei mbili, akaniachia mbili, akatangulia. Tulipita sebuleni katikati, tukinuka, mpaka mbele kwenye bomba. Uozo tuliuzika chini ya mchungwa. Nikakunja sketi, nikaanza kusugua, naye akasimama juu yangu, mikono nyuma.

Nikamwambia nilichokuwa nimekibeba tangu Lushoto. Nikamwambia kwamba siku aliyokuja na ile trei ya bati nilikuwa nimeshajizika, na kwamba kila Ijumaa nikifunga vikapu ninamwombea dua, na kwamba sikuwahi kumwambia asante kwa lile jiwe la Soni. Maneno yalitoka vibaya, na pua ikaanza kunivuja.

"Sugua pembe," alisema. "Pembe hujazifikia."

Binti yake akarudi kutoka dukani na kutukuta: mgeni amekaa kwenye tope, mama yake amekunja mikono ya gauni hadi kwenye viwiko, ameshika trei juani anaikagua. "Mama," alisema, "jamani mama, njoo ndani ulale kidogo. Daktari alisema."

Matroni hakugeuka.

"Nina kazi," alisema.

Binti alisimama mlangoni. Alimwangalia mama yake mgongo, akaniangalia mimi, nami niliendelea kusugua, sikumsaidia. Kisha akavua ushungi wake wa sokoni, akauweka kwenye kiti, akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa amebeba birika la maji yanayochemka.